Mwaka Niliokataa Kahawa

Aliyenipigia simu alijitambulisha kwa jina la Adela, mtoto wa kaka yake Ma Leokadia. Akasema shangazi amefariki na mazishi ni kesho kutwa. Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, nikakata simu. Nilikuwa kazini, kofia ngumu kichwani, na vijana wangu walikuwa wananitazama wakisubiri niseme kama vali waliyoifunga inafaa au haifai. Mtu mwingine angejiuliza mama wa watu aliugua nini, au alikuwa na nani saa za mwisho. Mimi lilinijia swali jingine, likaniganda njia nzima hadi Bukoba: je, msibani kwake watu watakula? Asiyeujua upande ule atadhani ni swali la mlafi. Lakini anayejua anajua. Mahali ambapo mtu anaweza kukusalimia miaka kumi bila kukanyaga uwanja wako, chakula cha msiba ndicho kipimo cha mwisho. Watu wanaweza kuja kuzika, wakatupa udongo wao, wakaimba, kisha wakakumbuka ghafla kwamba wameacha mbuzi kambani. Niliogopa kuwakuta wameondoka hivyo, sufuria zimejaa, Adela amesimama na upawa mkononi. Na niliogopa kwa sababu jambo hilo, kama lingetokea, lingekuwa limeanza na mimi.

Mwaka ule nilikuwa msichana, mkaguzi mpya wa usalama wa mafuta, nimepangiwa Kagera peke yangu. Nilipanga chumba Kitendaguro, pembeni ya mji wa Bukoba, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa rangi nyekundu, na dirisha lililotazama migomba ya mwenye nyumba kwa ukaribu kiasi kwamba mvua ikinyesha majani yalikuwa yanapiga nondo. Na Bukoba mvua inanyesha. Natoka Singida, ambako mvua ni mgeni wa heshima. Pale ilikuwa mtu wa nyumbani, inaingia bila hodi. Nilikuwa na kitanda, meza, ndoo mbili na jiko la mafuta ya taa lililotoa moshi mbaya kuliko jiko lolote nililowahi kuliona. Mchana kutwa nakagua mafuta ya watu, jioni nakohoa ya kwangu. Nilichemsha ndizi na dagaa, nikala nimekaa kitandani, nikasikiliza upande wa pili wa ukuta familia ya mwenye nyumba ikila kwa sauti, kijiko kikidaiwa, mtoto akigombezwa kwa Kihaya, baba akicheka. Wiki ya kwanza mama mwenye nyumba aliniletea bakuli la ndizi na maharage, limefunikwa kwa jani bichi. Nilimrudishia kama lilivyokuja. Mumewe alikuwa na ubia katika kituo cha mafuta mjini, na kituo kile kilikuwa kwenye orodha yangu. Nilimweleza vizuri, kwa adabu zote. Akasema, "Haya, dada," akachukua bakuli lake, na bakuli halikurudi tena mwaka mzima.

Niseme kuhusu hiyo sheria, maana ndiyo kiini cha yote. Mkaguzi hapokei zawadi, chakula wala kinywaji kutoka kwa anayemkagua, wala kutoka kwa mtu yeyote ambaye ripoti inaweza kumgusa. Bosi wangu, aliyekaa Mwanza, alirudia kuniambia hilo mpaka stendi ya mabasi. "Siku utakayoandika jambo ambalo hawalipendi," aliniambia, "hawatabishana na vipimo vyako. Watauliza ulikula wapi." Nilimwamini, na bado namwamini. Wako wenzangu walioila sheria hiyo kwa nyama choma, taratibu, na leo kuna matangi nchini humu ambayo mimi singepita karibu nayo na kiberiti mfukoni. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mtu asiyekula kwa watu, baada ya muda, watu humwona kama si mtu kamili. Niliponunua nyanya walinihesabia haraka. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi. Jumapili jioni, kengele zikilia na kila mlango wa Kitendaguro ukiwa na mgeni, nilifungua redio nipate sauti ya kunisemesha.

Kazi yangu kubwa ilikuwa Muleba, kwenye depo moja ya mafuta kando ya ziwa. Kampuni iliyokuwa nayo haipo tena. Meli ilileta petroli na dizeli hadi gatini, na kutoka gatini bomba la chuma lilipita chini ya ardhi, likapanda mlima mdogo hadi kwenye matangi. Mafuta yale ndiyo yaliyoendesha injini za mitumbwi ya wavuvi wa visiwani. Kila mwezi nilipanda basi, nikalala gesti, na asubuhi nikalitembea bomba lile lote kwa miguu, kutoka majini hadi mlimani, nikiwa na kifaa changu cha kunusa mvuke wa mafuta, kinacholia kikikutana nao. Ukanda wa juu ya bomba, ambao sisi tunauita mkuza, unatakiwa uwe wazi: hakuna kujenga, hakuna kuchimba, hakuna moto. Mkuza ule ulipita ukingoni mwa kibanja cha mjane mmoja, migomba yake imejaa, mibuni chini yake, nyumba ya bati katikati. Siku ya kwanza nilipotokeza alikuwa amesimama mlangoni tayari, mwanamke mrefu, kitambaa kichwani, kana kwamba aliambiwa nakuja. Huyo ndiye Ma Leokadia.

"Karibu, waitu," alisema, kwa lile neno la heshima la Wahaya. "Karibu ukae."

"Asante, mama. Nipo kazini."

"Kazi gani isiyokaa?"

Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kusukwa, cha kutosha kiganja. Ndani mlikuwa na buni, kahawa iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikakaushwa, ambayo wao huitafuna na kuiita akamwani. Akachukua moja, akatafuna, akanisogezea kikapu.

"Chukua."

"Asante mama, siruhusiwi."

"Nani hakuruhusu? Mume?"

"Kazi, mama."

Alinitazama. Kisha akachukua buni ya pili, akaitafuna taratibu, akafumbua kinywa kidogo nione kwamba imemezwa, akasogeza kikapu tena. Nilidhani anaipenda sana kahawa. Nilikuja kuelewa baadaye, tena kwa kusikia: kwa majirani wanaoaminiana kikapu hupita tu, lakini kwa mgeni mwenye nyumba hutafuna kwanza, mgeni aone hakuna kitu kibaya ndani. Kwa hiyo kila nilipokataa, yeye alisikia neno moja tu, na neno hilo lilikuwa sumu. Mimi niko pale natabasamu, najisifu moyoni kwa uadilifu wangu.

Siku hiyohiyo niliona shimo. Lilikuwa katikati ya mkuza, limefunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, na upande mmoja moshi ulikuwa unatoka. Nikamwuliza ni nini.

"Shimo la ndizi," alisema. "Naivisha za pombe, za rubisi. Moto kidogo, ndizi, majani, udongo. Siku chache zinakuwa tamu."

"Mama, chini yake inapita petroli."

"Petroli ilinikuta nikiivisha ndizi, na haijawahi kulalamika."

Sikucheka, ingawa leo nacheka. Niliamuru shimo lifungwe papo hapo, na vibarua wa depo, ambao kumbe walikuwa wateja wake wazuri wa rubisi na hawakuwahi kufungua kinywa, walilijaza udongo huku wamenuna. Utaratibu unataka mahali kama hapo pawekwe alama. Stoo ya depo ilikuwa na kibao cha aina moja tu: neno HATARI kwa herufi nyekundu, na juu yake fuvu la kichwa na mifupa miwili. Nikakisimika mwenyewe, nikakipiga nyundo kisawasawa, nikakigeuza kitazame njia ili kila apitaye akione. Ma Leokadia aliangalia kazi ile mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza alinipa maji ya kunawa mikono. Nilinawa, maana kunawa hakukukatazwa.

Ndivyo miezi ilivyokwenda. Nilifika, kikapu kikatoka, akatafuna moja, akatafuna mbili, nikakataa. Mwezi mwingine alitafuna tatu, akimung'unya huku ananitazama machoni, na mimi nikamwuliza kama meno yake hayaumi. Tulizoeana kwa namna hiyo ya ajabu. Alinieleza habari za migomba yake, upi unaoza mizizi, upi aliupanda na marehemu mumewe. Mimi nilimweleza Singida, alizeti, vumbi, na yeye akasikitika kwa dhati kwamba kuna watu wanaishi bila migomba. Alianza kuniita muhala wange, binti yangu, na jina hilo nililibeba hadi Kitendaguro, nikalala nalo. Ndiye mtu pekee mkoani aliyejua jina la mji wangu. Nilikuwa nahesabu siku za kwenda kukagua bomba, na aibu iliyoje, sikuwa nafikiria bomba.

Jambo lenyewe nililisikia Muleba mjini, hotelini, mchana wa mvua. Nilikaa pembeni, nyuma ya ukuta wa mbao unaotenga jikoni, na sahani yangu ya ndizi na sangara. Mpishi alikuwa anazungumza na mchuuzi wa dagaa kutoka visiwani. Mchuuzi hakuwa Mhaya, ndiyo maana waliongea Kiswahili, na ndiyo maana nikaelewa.

"Kaka, rubisi kanywe popote," mpishi alisema, "ila si kwa yule bibi wa kule chini, kwenye bomba."

"Ina nini?"

"Serikali imefunga shimo lake. Wameweka fuvu."

"Fuvu la mtu?"

"Limechorwa, kaka, lakini ni fuvu. Na yule dada mkaguzi kila akienda pale hali. Bibi anatafuna mbele yake, anatafuna tena, dada anakataa tu. Msomi yule! Ana mashine inalia ikinusa kitu. Amejua."

"Basi mashine imenusa sumu," mchuuzi alisema, kama mtu anayefunga hesabu.

Kwanza nilihisi hasira, nikainuka, nikazunguka ukuta nikiwa na tonge mkononi, nikawaambia kwamba mashine ile inanusa mafuta tu, kwamba shimo lilifungwa kwa sababu ya moto, kwamba mimi sili kwa mtu yeyote, si kwa bibi, si kwa askofu. Mpishi alisema, "Ndiyo, dada," kwa ile sauti watu wanayotumia kwa watu wa serikali. Mwezi uliofuata niliambiwa kwamba habari imekua: mkaguzi mwenyewe alipita hotelini kuwatisha watu wasiseme. Tangu hapo sijawahi kusahihisha uvumi kwa kusimama. Ule haukuwa uvumi wa wajinga, nisieleweke vibaya. Waliona kibao, waliona kikapu, wakajumlisha. Mimi ningekuwa wao ningejumlisha vilevile.

Niliposhuka kwa Ma Leokadia kesho yake nilitazama kwa macho mengine. Chini ya ukingo wa bati palikuwa na benchi refu la wanywaji, nililolipita kila mwezi bila kujiuliza kwa nini lina majani juu yake. Vibuyu vya rubisi vilikuwa vimeangikwa ukutani, vimekauka. Mlangoni nyasi za kutandika ndani zilikuwa mbichi, zimetandazwa kwa ajili ya wageni, na hapakuwa na alama hata moja ya mguu.

"Mama, majirani hawaji?" nilimwuliza.

"Wananisalimia," alisema. "Wakiwa njiani."

Akaingia kuchukua kikapu. Nilikuwa nimeamua. Usiku kucha kwenye gesti nilikuwa nimejiambia kwamba sheria ni sheria lakini mtu ni mtu, na kwamba leo nitakaa kwenye lile benchi mbele ya njia na kutafuna kahawa mpaka kila mpita njia aone. Nilikuwa nimesimama juu ya shimo la zamani, pembeni ya kibao changu, nikimsubiri. Ndipo kifaa kiunoni kwangu kikaanza kulia. Nikakiinamisha chini, kikalia zaidi. Nikapiga magoti, nikachimbua udongo kidogo kwa mkono, nikaunusa. Ilikuwa petroli.

Ma Leokadia alitoka na kikapu akanikuta na udongo mkononi. Akasimama. Kisha, Mungu wangu, akachukua buni, akatafuna. Na mimi nikakataa. Nilikataa kwa sababu kuanzia dakika ile hakuwa tena mama wa njiani. Alikuwa mtu ambaye ripoti yangu ingemgusa, pengine ingemponya au ingemmaliza. Sikuweza hata kumweleza, maana mkaguzi hasemi kabla ya kupima. Nilimwambia asiwashe moto hata jikoni, ahamie kwa ndugu yake siku chache. "Nitaambiwa nimekimbia," alisema. Akaenda. Nilirudi depo nikitembea haraka, na nililia, nakumbuka, nikiwa natembea.

Tuliyafunga mafuta, tukalisafisha bomba, tukalijaza maji na kuyabana kwa pampu, tukafunga vali zote mbili na kukaa mbele ya geji. Bomba zima likiwa salama, mshale wa geji hutulia. Ule haukutulia. Ulishuka polepole mno, na meneja wa depo, Bwana Deogratias, aliyekuwa amekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, aliutazama ukishuka kama mtu anayemtazama mgonjwa wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye watoto wengi, na vibarua wote pale walimtegemea. Tulipochimba tulikuta chuma kimeliwa na kutu, vitundu vidogo, ile kutu ya miaka inayoanza pale lami ya kulifunika bomba ilipopasuka. Kutu ya namna hiyo ilikuwepo pia gatini na mlimani, mbali na kibanja cha mtu. Niliandika hivyo. Niliandika bomba zima libadilishwe na njia yake ihamishiwe kando ya barabara. Bwana Deogratias yeye aliandika kivyake: majivu yalikutwa juu ya bomba, jembe limechimba juu ya bomba, mama huyu ndiye aliyeharibu. Kama maneno yake yangekubaliwa, kampuni ingeondoka bila lawama na Ma Leokadia angeondolewa kwenye kibanja alichomzikia mumewe.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya kijiji, na kwa kuwa ofisi ilikuwa ndogo watu walijaa hadi madirishani. Afisa kutoka wilayani alikaa katikati, mwenyekiti wa kijiji pembeni yake. Ma Leokadia alikuja na kitambaa kipya kichwani, akakaa kwenye kona, na benchi lake likabaki na nafasi kama langu la kanisani. Nilisoma ripoti yangu. Bwana Deogratias alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akasimama, akakunja mikono.

"Dada mkaguzi tunamheshimu," alisema. "Ni mtaalamu. Lakini sote tumeona amekuwa akifika kwa huyu mama kila mwezi, anakaa, wanaongea, mpaka anaitwa binti. Sasa tusaidie, dada. Kwa muda wote huo, mama amekukirimu nini?"

Chumba kilicheka kidogo. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Katika nchi ile mgeni haondoki mdomo mtupu, na kama ningesema sijala, nani angeamini? Nilifungua kinywa, bosi wangu wa Mwanza akiwa ananisemea kichwani. Kabla sijasema, Ma Leokadia aliinuka.

"Hajala," alisema.

Afisa akamwomba aongeze sauti.

"Hajala kwangu. Hata buni moja. Nimetafuna mbele yake mpaka nimechoka, amekataa." Akageuka, polepole, akawatazama wa madirishani mmoja mmoja, na alikuwa anawajua wote. "Mnajua. Si ndiyo mnayoyasema njiani? Kwamba mkaguzi hali kwa Leokadia? Basi semeni hapa. Mbona mmenyamaza? Ma Jeneroza, sema. Wewe ndiye ulianza."

Ma Jeneroza, jirani yake wa ng'ambo ya njia, aliangalia miguu yake. Mwenyekiti alikohoa, akamwinamia afisa, akasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Huyu dada hajala kwake. Hilo kila mtu hapa analijua." Na kwa maneno hayo ripoti yangu ikasimama. Bwana Deogratias alikaa chini. Ma Leokadia naye alikaa, akarekebisha kitambaa. Alikuwa amechukua lile lililomuua mbele za watu, akalitoa mwenyewe mezani, akaokoa nalo kibanja chake. Mimi niliyekuwa na digrii na vipimo nilikaa tu pale.

Watu huniuliza, nikisimulia habari hii kwenye mafunzo, kama najuta. Nadhani wanapenda nijute, ingenoga zaidi. Sijuti. Ningekula siku ile, Bwana Deogratias angeshinda, na mama angefukuzwa akiwa na jina safi. Lakini kutojuta si sawa na kulala vizuri. Nilikuwa nimelinda ardhi yake kwa kitu kilekile kilichomnyang'anya watu wake, na hakuna kanuni niliyoisoma, kabla au baada, inayosema jambo hilo linaandikwa ukurasa gani.

Bomba lilihamishiwa barabarani. Ripoti ilipopokelewa na kugongwa mhuri, barua yangu ya uhamisho ilikuja kwa kasi ambayo barua za serikali huwa hazina. Jumapili ya mwisho nilipanda basi kwenda Muleba bila kifaa, bila kofia, nimevaa gauni. Nilimkuta ametoka misa ya kwanza. Nikamwambia, "Mama, leo si mkaguzi." Nikafuta majani kwenye benchi refu, nikakaa nikitazama njia. Misa ya pili ilikuwa inatoka. Alileta kikapu, akachukua buni, akataka kutafuna.

"Hapana mama. Nipe tu."

"Si kwa ajili yako," alisema, akitazama njia. "Kwa ajili yao." Akatafuna.

Nilichukua. Ilikuwa chungu, na ina harufu ya moshi na majani, na baada ya uchungu ulimi unapata utamu kidogo. Nikachukua nyingine. Watu walipita na nguo zao za kanisani, wakapunguza mwendo, wakasalimia, wakaendelea. Ma Jeneroza alipita akiwa ameshika mkono wa mjukuu. Alisimama kabisa. Nikainua buni juu aione, kama mpumbavu, nikaitia kinywani. Akasema "Tumsifu Yesu Kristo," tukamjibu, akaenda zake. Hakuna aliyeingia. Tulikaa hadi njia ikawa tupu.

"Wamekuona," Ma Leokadia alisema. "Inatosha. Ungeniambia mapema ni sheria ya namna hiyo, nisingetafuna zote zile. Meno yangu yameisha kwa ajili yako." Kisha akaniomba kile kibao cha fuvu, kilichokuwa kimelala kwenye majani. Mbao zake ni nzuri, alisema, banda la kuku halina mlango.

Baadaye simu zilipokuja kila mkono nilimpigia kila Krismasi, popote nilipokuwa, na nilikuwa sehemu nyingi, vyumba vingi, majiko mazuri zaidi na meza ya mtu mmoja. Alinieleza mvua, goti lake, migomba iliyougua mnyauko. Nilitaka kuuliza: wanaingia? Wanakaa kwenye benchi? Sikuuliza hata mara moja, na yeye hakusema. Nilijiambia kwamba kama kungekuwa na habari njema angeitoa.

Nilifika msibani nimechelewa, mazishi yameisha. Teksi ilinishusha barabarani, hapo hapo bomba lilipohamishiwa, nikashuka na njia ile ya kanisa. Nilisikiliza kwanza, kama ninavyosikiliza vali. Nilisikia vyombo. Nikageuka kwenye kona ya migomba nikaona uwanja umejaa watu, wamekaa kwenye nyasi, kwenye mikeka, kwenye benchi refu hawakutoshea wakabanana, na kila mmoja ana jani au sahani, na wanakula. Wanaume walikuwa wanagombania kibuyu cha rubisi. Mtoto alikuwa analia anataka ndizi nyingine. Banda la kuku lilikuwa na mlango wenye madoa mekundu ambayo mtu asiyejua asingeyasoma. Nilisimama pale kwenye migomba muda mrefu, nikashindwa kuingia. Hakuna aliyenijua. Ma Jeneroza nilimtafuta kwa macho, nikaambiwa alitangulia zamani.

Msichana mmoja aliyejifunga khanga kiunoni alinifuata, macho yamevimba. Alikuwa Adela. Alinikalisha kwenye benchi kwa kuwaambia watu wasogee, wakasogea, bega la mtu nisiyemjua likagusana na langu. Akaingia ndani, akatoka na kikapu. Ni kilekile, kimebadilika rangi kwa kushikwa. Akakisogeza mbele yangu kwa mikono miwili.

Nikasubiri. Yeye naye akasubiri.

"Chukua, waitu," alisema.

"Wewe kwanza," nikasema. Ilinitoka tu.

"Mimi kwanza?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, halafu akamtazama jirani yangu wa kwenye benchi, kama kuna jambo la wageni ambalo amesahau kufundishwa. "Kwa nini?"

Nilitaka kumweleza. Lakini aliyestahili kuambiwa kwamba nyumbani kwake kikapu sasa hupita tu, hata msichana wake anauliza kwa nini, alikuwa amefukiwa mchana ule chini ya migomba, na mwingine hakuwepo. Nikachukua buni moja, nikatafuna, nikaomba ya pili.